Orodha Iliyoonyesha Yaleyale: Uhakiki wa Kirai "Onyesha Upya" katika Programu ya Mapokezi, Mikumi

4.3 Utangulizi

Sehemu hii ya tasnifu inahakiki kirai kimoja kilichoandikwa juu ya kitufe kimoja: "Onyesha upya". Kitufe hicho kilikuwa katika programu ya kompyuta ya mezani iliyotumiwa na nyumba moja ya wageni katika mji mdogo wa Mikumi, wilayani Kilosa, mkoani Morogoro. Kazi yake ilikuwa kuihuisha orodha ya vyumba. Kirai hiki kimechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ni tafsiri iliyozoeleka katika violesura vya Kiswahili, kwenye kompyuta na kwenye simu, kiasi kwamba wengi wetu hatuioni tena kuwa ni tafsiri. Pili, aliyekiandika katika programu hiyo ni mtafiti mwenyewe, aliyeombwa kuigeuza programu iliyokwisha kutengenezwa iwe ya Kiswahili. Kwa hiyo msomaji asitarajie hapa umbali unaotakiwa katika uhakiki wa kazi ya mtu mwingine. Mtafiti amejitahidi tu kuziweka hatua za hoja wazi, ili ziweze kupimwa bila kutegemea nia yake.

Swali linaloulizwa si kama Kiswahili kina neno la kutosha kwa jambo hili. Swali ni nani anayewajibika pale ambapo neno liliahidi jambo na mashine ikatenda jingine, na aliyeliamini neno ndiye aliyelipa.

4.3.1 Tukio

Mji wa Mikumi umekaa kando ya barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma, pale inapochepuka njia ya Kidatu na Ifakara. Kabla ya kuufikia mji, msafiri atokaye Morogoro hukatiza Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964. Madereva wa malori na abiria waliokwama hufika usiku bila kuweka nafasi. Mapokezi ya nyumba ya wageni hapa hugawa vyumba kwa kuitazama orodha ya saa ileile.

Nyumba inayozungumziwa ilikuwa na kompyuta mbili zilizounganishwa kwa waya. Moja ilikuwa mapokezi, nyingine ofisini upande wa nyuma, karibu na lango la malori. Hifadhidata ilikaa katika ile ya ofisini. Kila chumba kilikuwa na funguo mbili, mmoja kila upande. Usiku mmoja msimamizi wa lango alimpa dereva wa lori chumba namba 6 na kukiandika kwenye kompyuta ya ofisini. Muda mfupi baadaye alifika mapokezi mama mwenye mtoto mgonjwa, akielekea Morogoro kwa matibabu. Mhudumu aliitazama orodha, akabofya "Onyesha upya", akaona chumba namba 6 kingali kimeandikwa "Wazi", akamsindikiza mama yule hadi mlangoni na kumfungulia. Ndani alikuwa amelala dereva.

Vyumba vingine vilikuwa vimejaa. Mama alimaliza usiku kwenye kiti cha mapokezi, mtoto mapajani. Mwisho wa mwezi mhudumu alikatwa fedha katika mshahara wake. Kumbukumbu za programu zilionyesha kuwa kitufe kilibofywa saa 7:40 usiku. Jambo hilo, ambalo lingepaswa kumtetea, ndilo lililotumiwa dhidi yake: ikiwa alibofya, basi alionyeshwa. Alipoulizwa baadaye na mtafiti, alikubali kuwa alionyeshwa. Alionyeshwa yaleyale.

4.3.2 Tabaka tatu za orodha moja

Ili kirai kiweze kuhukumiwa kwa haki, ni lazima kwanza ifahamike kitufe kilifanya nini. Anayeitazama orodha ya vyumba kwenye skrini hudhani anaona kitu kimoja. Kwa kweli vipo vitatu. Chini kabisa ipo hifadhidata, ambamo msimamizi wa lango aliandika kuwa chumba namba 6 kimechukuliwa. Katikati upo mkusanyiko wa vyumba uliomo katika kumbukumbu ya kompyuta ya mapokezi, uliosomwa kutoka katika hifadhidata wakati programu ilipofunguliwa jioni. Juu ipo orodha inayoonekana, ambayo imefungamanishwa na mkusanyiko huo wa katikati, wala si na hifadhidata yenyewe.

Mpangilio wa kutenganisha data na mwonekano wake si wa jana. Trygve Reenskaug, mtaalamu wa Norwei, aliuasisi mwaka 1979 alipokuwa katika maabara ya Xerox PARC, na tangu hapo umeenea katika karibu kila aina ya programu zenye madirisha. Faida yake ni kubwa: data moja huweza kuonekana kwa sura nyingi. Gharama yake ni kwamba mwonekano haujui kuwa data imebadilika mpaka uambiwe. Kunahitajika mwenye kusema na mwenye kusikiliza.

Programu ya Mikumi ilitengenezwa kwa zana ya Microsoft iitwayo WPF, iliyotoka mwaka 2006. Katika zana hiyo, mkusanyiko wa kawaida ni bubu: ukiongezwa kitu, orodha ya juu haina habari. Upo mkusanyiko wa aina nyingine, uitwao ObservableCollection, ambao hutoa taarifa kila kitu kinapoingizwa, kuondolewa, kubadilishwa na kingine au kuhamishwa. Hata huo hunyamaza pale ambapo kitu kilekile kimebaki mahali pake ila sifa yake ya ndani imegeuka. Chumba namba 6 hakikuingizwa wala kuondolewa. Kilibaki chumba namba 6, kikageuka kutoka wazi kuwa kilichochukuliwa. Kwa badiliko la namna hiyo, chumba chenyewe lazima kipewe uwezo wa kujisemea.

Mtengenezaji wa programu alilijua tatizo hili nusu. Hakuvipa vyumba uwezo wa kujisemea. Badala yake aliweka kitufe kinachoiamuru orodha ijichore tena kutokana na mkusanyiko wa katikati. Kitufe kilifanya kazi hiyo barabara. Kingekuwa kimebadilishwa kitu chochote katika kumbukumbu ya kompyuta ya mapokezi, kingeonekana. Lakini badiliko la usiku ule lilifanyika katika kompyuta nyingine, likaandikwa katika hifadhidata, na hakuna aliyerudi kuisoma. Kitufe kilipobofywa, safu ya juu iliiuliza ya katikati, ya katikati ikajibu kwa habari za jioni.

Hapa inafaa kusema jambo kuhusu neno "kufungamanisha", linalotumika kueleza uhusiano wa orodha na data. Mtafiti amelitumia katika sura zilizotangulia bila kulihoji. Kitenzi "fungamana" kina ndani yake kiambishi cha kauli ya kutendana. Vilivyofungamana vimeshikana pande zote mbili. Huwezi kumvuta mmoja bila mwingine kusogea. Kauli ya kutendesha inayoongezwa juu yake haiondoi maana hiyo. Orodha ya Mikumi haikushikana na data namna hiyo. Iliiegemea, kama mtu anavyouegemea ukuta: ukuta hauna habari naye. Kama ningeanza upya, ningesema "orodha iliyoegemezwa kwenye data" pale ambapo taarifa haziendi pande zote, na kuliacha neno "kufungamanisha" kwa mahali linapostahili. Si suala la urembo wa lugha. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba vitu viwili vimefungamana hana sababu ya kujiuliza ni nani anapaswa kumwarifu mwenzake.

4.3.3 "Upya" na "tena"

Mtafiti alifanya tafsiri hii kutoka katika jedwali lenye safu mbili, maneno ya Kiingereza upande wa kushoto na nafasi tupu upande wa kulia. Hakuiona programu ikifanya kazi. Ndivyo kazi nyingi za namna hii zinavyofanyika, na mtafiti hadai kuwa alionewa. Angeweza kuomba kuiona, hakuomba. Alipofika kwenye neno husika aliandika "Onyesha upya" bila kusita, kwa kuwa alikwisha kuliona kwingine.

Kulikuwa na njia nyingine. Kamusi inatoa "burudisha", neno ambalo juu ya kitufe lingemfanya mhudumu atarajie soda baridi. Lipo "sasisha", lililoundwa kutokana na "sasa" na kiambishi cha kutendesha, yaani kukifanya kitu kiwe cha sasa. Lipo pia "huisha", linalosikika sana katika ofisi za Tanzania, ambapo taarifa huhuishwa. Mtafiti aliyaacha yote mawili kwa hoja kwamba yanafaa kwa mtu anayebadilisha data, si kwa anayetaka kuiona. Hoja hiyo inaonyesha kuwa hata wakati ule kulikuwa na hisia ya tofauti kati ya kuona na kubadilisha. Kilichokosekana ni tendo la tatu, kurudi kwenye chanzo.

Tukichunguza kirai chenyewe, tunakuta utata ambao ndio kiini cha mgogoro wa Mikumi. "Upya" linatokana na kivumishi "-pya". Halimaanishi kurudia tu. Mtu anayeanza tena huenda anaendelea pale alipoachia; anayeanza upya amekiweka kando cha zamani. Nyumba iliyojengwa upya si ileile iliyopakwa rangi. Kwa usomaji huu, "Onyesha upya" inaahidi upya wa kile kinachoonyeshwa. Huo ndio usomaji wa mhudumu, na mtafiti anauona kuwa ndio wa mzungumzaji wa kawaida.

Lakini kisarufi "upya" hapa ni kielezi, nacho kinakielezea kitenzi "onyesha". Kilicho kipya, kwa usomaji wa pili, ni tendo la kuonyesha. Orodha inaweza kuwa ya zamani kabisa. Aidha, "onyesha" ni kauli ya kutendesha ya "ona". Uhusiano wake ni kati ya anayeonyesha na jicho la anayeonyeshwa. Hakina ndani yake mahali popote pa kuuliza habari imetoka wapi. Kwa usomaji huu programu ilitimiza ahadi yake neno kwa neno, na ndio usomaji ambao uongozi wa nyumba ile uliutumia bila kujua kuwa unafanya uchambuzi wa kisarufi: alibofya, akaonyeshwa.

Usomaji wote wawili unaruhusiwa na lugha. Hata hivyo haulingani uzito. Kitufe kilichokusudiwa kurudia tu kingeweza kuandikwa "Onyesha tena", na hakuna mhudumu ambaye angekitegemea saa saba usiku. Mwandishi aliyechagua "upya" badala ya "tena" alichukua faida ya ahadi iliyomo katika neno bila kuhakikisha kuwa ipo ya kulipia. Mwandishi huyo ni mimi.

Lipo neno jingine katika orodha ile ambalo halijawahi kulaumiwa na mtu yeyote, nalo ni "Wazi". Sentensi ya Kiswahili yenye kitenzi hubeba wakati: chumba kilikuwa wazi, chumba kimechukuliwa, chumba kitakuwa wazi. "Wazi" peke yake haina kiambishi chochote cha wakati. Msomaji hujaza mwenyewe wakati uliopo, kwa sababu hakuna mwingine uliotajwa. Ndani ya hifadhi, kando ya barabara kuu, kuna bao linaloorodhesha wanyama na faini ya kumgonga kila mmoja. Bao hilo halina kitufe. Anayelisoma anajua lilichorwa siku fulani, na kwamba likitakiwa kubadilika atakuja mtu na rangi. Orodha ya skrini inafanana na bao hilo kuliko inavyokubali kuonekana. Kinachoitofautisha ni kitufe, na kitufe ndicho kinachoifanya itoe ahadi kuhusu sasa.

4.3.4 Kuweka wazi na kuboresha

Mtahini anaweza kupinga kwamba neno la Kiingereza nalo limeficha tabaka hizi, na kwamba haifai kukidai Kiswahili usahihi ambao lugha chanzi haina. Pingamizi hili lina nusu ya ukweli. Neno la Kiingereza lina utata uleule. Lakini watumiaji wake wamekaa nalo miongo kadhaa, wakajifunza kwa mazoea lini liaminike na lini lisiaminike. Mazoea hayahamishwi pamoja na neno. Mhudumu wa Mikumi alikuwa na neno tu, na neno lilikuwa katika lugha yake. Alilisoma kama mtu anavyosoma lugha yake.

Kuna pia wanaosema kuwa Kiswahili hakina uwezo wa kutenganisha mambo haya bila maelezo marefu. Ushahidi wa kuwakanusha haupo mbali. Mwaka 2024 na 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi iliendesha uboreshaji wa Daftari la Kudumu la Wapiga Kura nchini kote. Daftari hilo ni orodha iliyoegemezwa kwenye nchi inayobadilika kila siku: watu hutimiza miaka 18, huhama, hufariki. Lugha ya zoezi hilo haikuwa na neno moja la kufunika yote. Mtu mpya aliandikishwa. Aliyehama aliboresha taarifa zake. Aliyepoteza sifa aliondolewa. Kisha, mwaka 2025, likafanyika zoezi la kuliweka wazi daftari la awali, ili wananchi walikague. Kuweka wazi na kuboresha yalikuwa mambo mawili yenye majina mawili, ingawa yaliweza kwenda sambamba. Hakuna mwananchi aliyedhani kuwa karatasi kubandikwa ukutani ndiko kuboreshwa kwa daftari.

Angalia pia kuwa matendo matatu ya kwanza, kuandikisha, kuboresha taarifa na kuondoa, ni yaleyale ambayo mtengenezaji wa programu hupaswa kuyatolea taarifa katika mkusanyiko wake: kitu kimeingia, kitu kimegeuka ndani, kitu kimetoka. Lililosahauliwa katika programu ya Mikumi ndilo la kati. Kiswahili cha ofisi zetu kilikuwa nalo tayari. Tulipoanza kuandika violesura, hasa tangu mwaka 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipotoa Jambo OpenOffice kupitia mradi wa Kilinux na Microsoft ikatangaza kazi yake ya Kiswahili, mjadala mkubwa wa hadharani ulikuwa juu ya majina ya vitu: kompyuta au tarakilishi, kipanya au jina jingine. Vitenzi havikupata mjadala wa kiasi hicho. Na kitufe ni kitenzi.

4.3.5 Marekebisho yaliyozaa kosa jingine

Baada ya tukio, mtengenezaji wa programu aliirekebisha bila kumshirikisha mtafiti. Kila baada ya sekunde kumi programu iliufuta mkusanyiko wote, ikaisoma hifadhidata, na kuujaza mkusanyiko kwa vyumba vilivyoundwa wakati huohuo. Sasa orodha ilikuwa ya kweli, ila haikuweza kushikika. Kwa programu, chumba namba 9 kilichoundwa sasa hivi si kile kilichoteuliwa sekunde kumi zilizopita, japo namba ni moja; kwa hiyo uteuzi ulipotea na orodha ikarudi juu. Tena ilipangwa kwa hali, vyumba vilivyo wazi vikitangulia, kwa hiyo mistari iliruka kati ya jicho na kidole. Asubuhi moja mhudumu yuleyule alikusudia kukiachia chumba namba 9, akakiachia kilichokuwa kimeshika nafasi yake. Safari hii aligundua kabla ya mgeni.

Njia sahihi inajulikana: soma chanzo, linganisha kwa namba ya chumba, gusa tu vilivyobadilika, viache vingine vilivyo pamoja na uteuzi wa mtumiaji. Ndivyo mkufunzi mzuri anavyosahihisha karatasi. Haichani na kuiandika yote kwa mkono wake. Mtengenezaji aliikubali njia hiyo alipoelezwa, na ilimchukua siku mbili.

Kuhusu kitufe, mtafiti alipendekeza kirai "Leta hali ya sasa". Kitenzi "leta" kinadai mahali pa kutoka: huwezi kuleta kitu kutoka popote. Anayekiandika juu ya kitufe analazimika kumuuliza mtengenezaji kinaletwa kutoka wapi, na swali hilo peke yake lingetosha kufichua kasoro ya kwanza. Mtafiti hadai kuwa kirai hiki kinafaa kila programu. Ni kirefu, na kwenye skrini ya simu kitakatika. Lililo la lazima zaidi, kwa maoni yake, si kitufe bali mstari mdogo uliowekwa juu ya orodha: "Hali ilivyosomwa saa 7:38 usiku". Mstari huo unalirudishia neno "Wazi" wakati uliokuwa umepotea. Waya ukikatika, saa itasimama na mhudumu ataona kuwa imesimama.

Programu iliyorekebishwa inatumika. Mtafiti alimwandikia mwenye nyumba barua ya kurasa mbili akieleza kuwa kumbukumbu ya saa 7:40 inathibitisha kuwa mhudumu alifanya alichopaswa kufanya, na kuwa kirai alichokiamini kiliandikwa na mtafiti. Hadi sehemu hii inaandikwa, fedha zilizokatwa hazijarudishwa.